Maneno ya Wakati, Mama Akiwa Edani

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa darasa la sita alitoka Usukumani, na alipenda kufundisha kwa mfano wa ng'ombe wa kulimia. Sisi wa milimani tulilima kwa jembe la mkono. Ng'ombe tuliwajua kwa maziwa. Kwa hiyo ilibidi kwanza atuchoree nira ubaoni na kutueleza inavyofungwa, ndipo aingie kwenye somo. Alisema maneno ya Kiingereza hutembea mawili mawili kama maksai waliozoeana. Ukimfunga mmoja na mgeni hawalimi, watakuzungusha shambani mpaka jua lichwe.

"Msiniulize kwa nini," alisema. "Nyinyi jifunzeni nani hufungwa na nani. Basi."

Siku moja aliandika neno 'time' katikati ya ubao, akalizungushia duara, akaanza kulifungia wenzake. 'Spend time', kutumia wakati kama mtu anavyotumia hela. 'Save time', kuuweka akiba. 'Waste time', kuutapanya. 'Give time', kumpa mtu wakati. 'Kill time', kuua wakati, yaani kufanya jambo lolote ili usichoke kusubiri. Na mwisho 'time flies', wakati unaruka kama ndege. Tuliandika kimya. Kisha kijana mmoja aliyetoka Kisiba, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote na tayari ana ndevu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wakishauua wanaula?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. "Wewe utakula ndizi zako nyumbani," alisema. "Hapa andika."

Nilianza shule mwaka uliofuata Uhuru. Nilipokuwa madarasa ya juu masomo mengine yaligeuzwa kuwa ya Kiswahili, Kiingereza kikabaki somo lake peke yake. Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa. Katika darasa letu hakuchaguliwa hata mmoja, kwa hiyo sikupata hata mtu wa kumwonea wivu. Nikarudi nyumbani kumsaidia baba kazi ya ufundi cherehani. Kiingereza changu chote kikapotea, isipokuwa somo lile la wakati. Sijui kwa nini lilibaki. Labda kwa sababu nilipokuwa nikipinda mapindo ya sare za shule kutwa nzima, lilikuwa jambo la kufikiria.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya kijito, chini ya Lufingo, peke yake juu ya kilima. Tulikuwa Waislamu wachache upande ule. Babu yake baba alitoka pwani akiwa mpishi wa msafara, akaugua njiani, msafara ukamwacha, akapona na kuoa. Ndugu zetu wengine walikaa Bagamoyo, ile ya mjini Tukuyu, penye maduka na karibu na msikiti. Baba alichagua shamba. Alisema mjini mafundi ni wengi kuliko suruali. Mama alizaliwa mjini, akamfuata huko kilimani akiwa bibi harusi, na kwa miaka mingi alikuwa akisema amekuja kutembea tu.

Baba alikufa masika, mwaka ambao habari ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilikuwa kila mahali. Alianza na kikohozi, akapelekwa hospitali, akarudishwa, akafia kitandani kwake asubuhi mama akiwa ameshika bakuli la uji. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Majirani zetu Wanyakyusa walishangaa. Kwao msiba una ngoma, una ng'ombe wa kuchinjwa, una watu wanaotoka mbali na kulala siku kadhaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyekuwa rafiki wa baba, alifika na fimbo yake na mkungu wa ndizi, akakuta tunakung'uta udongo mikononi.

"Mmemzika kama mnafukuzwa," alisema.

Baba yangu mdogo, aliyekuja na watu wa mjini, akamweleza kwamba ndivyo dini inavyotaka. Kisha akamweleza habari ya eda: mjane atakaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hajipambi, haendi huku na huko, haonani na wanaume wasio ndugu zake.

Balozi akafikiri. "Kumbe haraka yenu ni ya maiti tu," alisema. "Kwa walio hai hamna haraka hata kidogo."

Mama aliisikia ile kutoka ndani, na baadaye aliniambia kwamba katika maneno yote ya rambirambi ya siku ile, hilo ndilo lililompa nafuu.

Alikaa eda katika chumba cha nyuma. Baba alikijenga mwenyewe. Udongo wa upande ule ulikuwa ukivuta unyevu na mama alikuwa na kifua, kwa hiyo baba alipasua mianzi, akaisuka kama mkeka, akasimamisha kuta nne za mianzi ndani ya zile za udongo, kama sanduku ndani ya sanduku. Mlangoni palikuwa na pazia la kitenge. Mimi nilikaa chumba cha mbele na cherehani. Nguo ambazo baba aliziacha hazijakwisha nilizimaliza moja moja, wenyewe wakaja kuzichukua, wakasimama mlangoni kidogo wakiziangalia nguo zao kama wanaotafuta mahali mkono wake ulipoishia na wangu ulipoanzia. Walipaona, nadhani.

Ikaingia baridi. Anayeijua Rungwe anaujua ukungu wa miezi ile. Unaamka, mgomba ulio hatua chache kutoka mlangoni huuoni. Tatizo lilikuwa mwezi. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya dukani, na mwezi hauonekani kwenye ukungu. Mke wa balozi akajitolea. Hakuelewa kwa nini tulihitaji, ila alielewa kwamba tulihitaji. Kila mwezi ulipokaribia kuandama alikuwa akipanda kilima cha nyuma kuchungulia penye nafasi ya mawingu, kisha anatuita kutoka ng'ambo: "Mama fundi! Ndaga! Nimeuona, mwembamba kama ukucha!" Na mama anajibu kutoka ndani, "Ndaga fijo, dada," ambayo ni asante sana, na karibu ndicho Kinyakyusa pekee alichokuwa nacho, baada ya miaka yote hiyo.

Siku moja mama alisema kutoka nyuma ya pazia, "Yale maneno yenu ya shule, ya wakati. Yale aliyowachorea Msukuma. Unayakumbuka?"

Nikasema ninayakumbuka.

"Nifundishe. Nimechoka kuhesabu mianzi."

Mama alisoma Kurani na aliweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini shule ya serikali hakuiona. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa, yakiwa yamefungwa pamoja. Nilianza na 'spend time'. Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza wakati hutumiwa kama hela.

"Basi mimi tajiri," alisema. "Nina miezi tele, na hapa hakuna duka."

'Save time' aliikubali baada ya kubishana. Alisema mtu anayepika maharage jioni ili asipike asubuhi ameweka kitu akiba, ingawa ni maharage. 'Waste time' aliijua bila kuambiwa, akataja majina ya shangazi zangu wawili, ambayo sitayaandika. Tulipofika 'kill time' alinisimamisha.

"Kuua?"

"Ndivyo wanavyosema, mama. Ukiwa unasubiri jambo na huna kazi."

"Astaghfirullah. Huyo anayetuua sisi sote, wao ndio wanataka wamuue yeye. Na huku wanamsubiri." Akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Hilo sitalisema. Nipe jingine."

Nikampa 'time flies'.

"Labda kwao," alisema. "Hapa unatembea na fimbo."

Nataka kusema kweli juu ya masomo yale. Hayakuwa ya kila siku, na kuna siku ambazo mama hakusema neno, nami nilishona, na chakula nilichomwingizia nilikikuta kimepoa. Sikujua anafanya nini mle ndani saa zote zile. Kuna wakati nilimsikia akizungumza polepole, nikadhani anasali, kumbe anamwambia baba habari za siku: nani amekuja, kuku yupi ametaga. Sikumwuliza. Siku ya pili yake aliniita akasema, "'Give time.' Hilo ni la kumpa mtu. Ukitaka wewe ndiye upewe, unasemaje?" Nikamwambia, 'Give me time.' Alilirudia mpaka likakaa vizuri mdomoni.

Kwetu hawakuhamishwa watu wengi. Rungwe tulikuwa tumebanana tayari. Sehemu nyingi kijiji kiliandikishwa pale pale kilipokuwa. Lakini nyumba chache za ng'ambo ya kijito ziliambiwa zisogee barabarani, ambako patajengwa shule, zahanati na bomba la maji. Tulipimiwa kiwanja. Majirani wengine wa ng'ambo walihama mapema, nasi baba mdogo alianza kutusimamishia nyumba ya miti upande ule, kazi ikaenda kwa vipande kwa sababu naye alikuwa na duka lake mjini.

Katibu kata alikuja akifuatana na balozi. Alikuwa kijana, amevaa suti ya Chou En-lai ya kijivu, ile ya viongozi wa siku zile, viatu vimejaa matope kwa kuwa daraja letu lilikuwa magogo mawili tu. Alinikuta kwenye cherehani. Alikuwa mtu wa adabu, sikatai. Alivua kofia akasalimu kuelekea kwenye pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, ingawa sitoki."

"Nimeelezwa, mama. Pole sana kwa msiba." Akasafisha koo. "Mama, lori la kuwabebea wenye mizigo mizito litafika siku ya Jumatatu, wiki mbili zijazo. Baada ya hapo linakwenda tarafa nyingine. Siku hiyo ndiyo tunaezua nyumba za huku, miti na mabati yapate kutumika kule. Nimekuja mwenyewe ili pasiwe na kutoelewana."

Tulikuwa na mwezi mmoja na siku chache mbele yetu kabla ya eda kwisha. Mama alimwambia hivyo.

"Ninaelewa, mama. Lakini tukimngoja kila mtu na sababu yake, hatutahama. Tutapoteza muda."

"Mimi sipotezi, baba. Ninakaa. Mume wangu aliniacha katika nyumba hii. Nitatoka siku ambayo eda imekwisha, nimeoga, nimevaa, nimefunga mlango mwenyewe. Sitatoka kama mtu aliyeiba."

Balozi alikuwa akiangalia fimbo yake. Katibu akaniangalia mimi, kama anayeomba msaada. Ndipo mama akasema kutoka nyuma ya pazia, taratibu, maneno yote matatu yakiwa mahali pake: "Give me time."

Katibu alilitazama pazia. Kisha akatabasamu.

"Nani amemfundisha?"

"Ni mimi," nikasema.

Akageukia pazia. "Mama, umekitamka vizuri kuliko wengine ninaokaa nao ofisini. Ningekuwa na muda ningekupa. Lakini muda huu si wangu. Na mimi nimepewa, na walionipa wanauhesabu." Akavaa kofia. "Jumatatu, mama. Nisamehe."

Magharibi mama alisema, "Yule kijana hana ubaya," akaomba maji ya kutawadha.

Baba mdogo alikwenda kumwuliza shehe mjini, akarudi na jibu Ijumaa. Shehe alisema kukiwa na dharura mjane anaweza kuhama, akamalizie eda kule atakakohamia, wala hakuna dhambi. Baba mdogo alilileta jibu kama mtu aliyeleta dawa.

"Nimeisikia ruhusa," mama alisema. "Mshukuru shehe. Lakini ruhusa si amri."

"Shemeji, watakuezulia bati juu ya kichwa."

"Basi nitaziona nyota. Tumezikosa muda mrefu kwa ukungu huu."

Baba mdogo alitoka nje akaketi kwenye jiwe, akanitazama mimi, akasema, "Mama yako," kisha akashindwa kumaliza.

Wiki ile ya mwisho sikulala vizuri. Nilijua mama hatatoka, na nilijua lori litakuja. Niliona picha moja tu: wanaume wamepanda juu ya paa, wakizungumza na kutupiana misumari, na mama chini yao amekaa kitandani amejifunika, watu wakimwona. Kwake hilo lingekuwa baya kuliko kuhama. Nilimwambia hivyo. Alijibu, "Najua, mwanangu." Basi.

Siku mbili kabla, balozi alinisimamisha njiani kijitoni. Alikuwa na swali, na alilizunguka sana kabla ya kulifikia. Alianza na baridi, akaenda kwa kahawa, akapitia ndama wake aliyekuwa anaharisha.

"Nieleze tena," alisema hatimaye. "Huyu mama yenu. Mwiko wake ni wa kilima au ni wa kuta?"

Sikumwelewa. Nikamwambia eda ni kukaa ndani, katika nyumba ya mume.

"Ndani."

"Ndiyo, baba."

"Akiwa ndani, hakuna neno."

"Hakuna neno," nikasema, nikidhani anazungumzia mambo kwa jumla.

"Ehee," alisema, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi walikuja wanaume kiasi cha kumi na zaidi, marika wa balozi na vijana wao. Baba alikuwa amewashonea wote. Walikuja na mapanga na kamba za migomba, na wake zao nyuma. Nilidhani wamekuja kuezua. Balozi akasimama mbele ya pazia, akakohoa, akasalimu kwa Kinyakyusa.

"Mama fundi, ugonile."

"Nimeamka, baba. Mmekuja kuezua?"

"Tumekuja kukuhamisha na chumba chako. Kuta hizi za mianzi alizisuka yeye, na hazikuchimbiwa, zimesimama tu. Tutazifunga pembe, tuziinue, wewe utembee katikati. Huku hutoki, na kule unakwenda. Nimeuliza, nimeambiwa akiwa ndani hakuna neno."

Hapo ndipo nilipolielewa swali lake la kijitoni. Nikaanza kusema, "Lakini baba, sharti lenyewe si—"

"Mwache," mama alisema kutoka ndani. Halafu kwa sauti nyingine, ya chini kidogo: "Baba, ni kuta nzito."

"Sisi ni wengi," alisema balozi.

Wanaume walikuwa wakitazama miguu yao. Mama akasema, "Haya. Nipeni nafasi nivae."

Walitoboa ukuta wa udongo wa nyuma ili sanduku la mianzi lipite. Kitanda kilitolewa kwanza. Mke wa balozi aliingia ndani kumshika mama mkono, kanga zikatandazwa juu yao, wanawake wengine wawili wakizishika ncha kwa miti kutoka nje. Kisha wanaume wakashika chini ya kuta, wakazinyanyua mpaka usawa wa goti, na chumba kikaanza kutembea.

Sijawahi kuona kitu kama hicho tena. Kutoka nje ulichoona ni kuta nne zikiteremka kilima kwenye ukungu, na chini yake miguu: ya wanaume, iliyo wazi na yenye matope, na katikati jozi mbili za wanawake, moja ndani ya kandambili za mama. Ndani mke wa balozi alikuwa akimwelekeza, jiwe hili, shimo lile. Nje walikuwa wakipigana vijembe.

"Ukuta wa mbele, polepole! Unakimbilia wapi, umeahidiwa pombe?"

"Ukuta wa nyuma ndio unalala. Hata nyumbani kwako ulijenga umelala."

"Wa kulia shikeni, mtatufungulia dirisha."

Nilisikia mama akicheka ndani, na mke wa balozi akimnyamazisha: "Usicheke, mama fundi, watalegea."

Kijitoni ilikuwa taabu. Magogo mawili hayawezi kupitisha chumba. Walisimama wakabishana, kisha wanaume wa pande zote mbili wakaingia majini mpaka kiunoni, wakainua kuta juu zaidi, na mama na mwenzake wakapita juu ya magogo katikati yao. Maji ya kule mwezi ule ni baridi ya kuuma mifupa. Mzee mmoja alisema meno yakigongana, "Fundi alinishonea koti, hakuniambia kwamba deni lake ni hili." Wakacheka wote, kuta zikayumba, balozi akawakaripia.

Barabarani lori lilikuwa limesimama. Katibu kata alikuwa kando yake na karatasi mkononi. Alipoona kuta zikitokea kwenye migomba aliishusha karatasi.

"Nini hicho, mzee?"

"Nyumba inahamia kijijini, ndugu katibu," balozi alisema, bila kusimama. "Kama mlivyosema."

Katibu alitazama miguu ile ikipita. Alijua ni mama aliye humo ndani, nadhani, kwa sababu alivua kofia. Baadaye alimwambia dereva kwamba lori litasubiri, kisha wote wawili wakaenda kusaidia kubeba kitanda.

Kuta ziliwekwa ndani ya nyumba mpya, ambayo miti yake ilikuwa bado haijakandikwa udongo na paa lake nusu bati nusu anga. Mama alikaa humo siku zake zilizobaki. Mvua ya manyunyu ilinyesha mara mbili tukamhamishia kitanda kona nyingine, kwa kusukuma. Masomo ya Kiingereza hatukuyaendeleza. Nilikuwa nimeishiwa, na yeye hakuniuliza mengine. Miaka mingi baadaye mtoto wa ndugu yangu aliyesoma sana aliniambia kwamba Kiingereza kina neno jingine la namna ile, 'serve time', la mtu kuutumikia wakati aliopangiwa mpaka uishe, nami nilifurahi nikataka kumpelekea mama. Kisha akanieleza kwamba husemwa kwa wafungwa. Sikumpelekea.

Mama tumemzika mwaka jana. Watu huniambia siku zitapita na nitazoea. Siku zimepita, hilo ni kweli. Ninapoulizwa naendeleaje husema ninaendelea, na hilo pia ni kweli.

Lakini siku eda yake ilipokwisha ninaikumbuka kuliko ile ya mazishi. Mke wa balozi alikuwa ameuona mwezi safari ile kutoka barabarani, bila kupanda kilima, na siku kumi baada yake wanawake walikuja kumwogesha mama. Alivaa kanga mpya aliyoletewa na baba mdogo. Alilisogeza pazia mwenyewe, akatoka. Alikuwa amepauka, na alifumba macho kwa mwanga ingawa hapakuwa na jua la maana. Balozi alikuwa nje anangoja, na panga mkononi, kwa ajili ya kukata kamba za pembe.

"Sasa tunaweza kuzifungua?" aliuliza. "Au kuna kitu tena?"

"Zifungue, baba." Kisha mama akamwambia, maana hakupenda kukaa na jambo: "Kuta hazikuwa sharti. Ningeweza kuja kwa miguu yangu, nimejifunika. Shehe aliruhusu."

Balozi alimtazama. Alitazama na kuta. Akalitia panga kwapani.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Sisi tumo majini, huku wewe unajua."

"Ninajua."

"Na hukusema."

"Ningesema, mngezibeba?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu. "Tusingezibeba," alisema.

"Basi ningekuja bila chumba cha mume wangu."

Balozi akainamia pembe ya kwanza akaanza kukata kamba. "Bega hili bado linauma," alisema, si kwa mtu yeyote. Ukuta ulipoegemea pembeni, ukaacha wazi upande wa barabara, mama aliona kwa mara ya kwanza mahali alipokuwa akiishi karibu wiki tatu: nyumba mbili katika safu moja, migomba midogo, watoto waliosimama kumtazama, barabara. Hakujua hata mlango wetu ulielekea wapi. Akamshika mkono mke wa balozi.

"Haya, dada," alisema. "Nionyeshe nilikohamia."

Wakaenda kuanzia upande wa bomba.